Tende Ndani ya Ndoo ya Kahawa

Nimefanya kazi nyingi tangu nilipoacha shule darasa la sita. Mwaka ule nilikuwa mtunza bustani wa nyumba moja Qurum, huko Omani. Wenye nyumba walisafiri wakaniachia mbwa wao, jike dogo la kahawia.

Nilikuwa nimesikia kwamba machicha ya kahawa hunawirisha mawaridi, nikataka kujionea. Mzee jirani, Mwomani aliyezaliwa Unguja, alikunywa kahawa na wenzake barazani kila asubuhi. Nikamwomba machicha, akaniwekea ndoo nzima. Sikuangalia ndani. Humo humo walikuwa wametupa tende zilizobaki. Nikamwaga vyote chini ya mawaridi, nikaenda kufungua maji.

Niliporudi, mbwa alikuwa akila zile tende, na machicha akiyameza pamoja nazo. Nilicheka. Haikupita saa nzima, akawa anazunguka uani bila kutulia. Akatapika. Miguu ikaanza kutetemeka. Niliweka kiganja kifuani pake. Moyo ulikwenda mbio hata nikashindwa kuyafuata mapigo. Nikampigia daktari wa mifugo.

"Kahawa kwa mbwa ni sumu," alisema. "Usijaribu kumtapisha. Mlete sasa hivi."

Gari sina. Nikambeba hadi kwa mzee.

"Mbwa? Ndani ya gari langu? Mie nna udhu wangu!"

"Nitaliosha mimi, mzee."

"Mara saba, ndo sharia ya mbwa. Moja kwa udongo."

"Hata sabini."

"Saba zatosha, lakini ntahesabu." Funguo alikuwa keshazishika.

Daktari alimtundikia dripu, akasema abaki pale, wala hakuniahidi kitu. Nikarudi bustanini, nikakwangua machicha yote kwa mikono, hadi yaliyojificha kwenye mizizi, nikayafunga kwenye mfuko na kuyatupa. Jua lilipopungua ukali, nikaanza na gari. Mzee akaleta kiti. Siku nyingine ningemuuliza kwa nini udongo; siku ile nilisugua tu, kiti cha nyuma, mlango, zulia, kisha upya.

Nilikuwa namaliza mara ya tano simu ilipolia. Mapigo yametulia, alisema daktari, mtetemeko umekwisha. Atapona.

Nikakaa chini, mpira ukinimwagia maji mapajani.

"Alhamdulillahi," alisema mzee. "Haya, inuka. Bado mbili."