Neno la Wimbo wa Ishirini na Sita

Modeste Kabemba aliitungia kwaya yetu ya Musonoi, mtaa wa wachimbaji hapa Kolwezi, nyimbo thelathini na tisa. Zote zimo katika daftari tatu ninazozitunza, noti zikiwa zimeandikwa kwa herufi juu ya maneno, kama alivyozoea. Kazi yake ilikuwa ukarani wa depo la mbao. Alibatizwa akiwa mchanga, na kwa miaka hamsini hakuna aliyewaza kumuuliza kama anaamini. Aliniambia baadaye kwamba hata yeye hakujiuliza. Alitafuta maneno mazuri, akayapima na noti, na yakikaa vizuri aliridhika.

Wimbo wa ishirini na sita aliutunga mwaka 2017. Kiitikio chake ni hiki: "Bwana, wanitosha, hata shimoni wanitosha." Modeste alipenda Kiswahili cha vitabu. Alitaka kusema kwamba akiwa na Bwana hahitaji kingine. Lakini huku kwetu kutosha ni kukitoa kitu mahali kilipo. Tunatosha viatu mlangoni, tunatosha jino bovu. Kitu kisipopungua tunasema kinaenea. Kwa hiyo wachimbaji walisikia kwamba Bwana anawatoa shimoni. Wakaupenda kuliko nyimbo zote, wakawa wanauimba asubuhi wakishika kamba ya kushukia.

Nilimwonya. Alicheka tu.

"Achana nabo. Inaimbika muzuri."

Mwezi wa tatu mwaka 2022 shimo moja upande wa Mutoshi liliporomoka. Ndani walikuwa vijana watatu. Wawili walitolewa wakiwa wamekufa. Wa tatu, Dady, mwana wa mwisho wa Mama Honorine wa sauti ya pili, hakuonekana. Siku ya nne udongo ulikuwa bado unashuka, na wenzake wakaacha kuchimba. Kilio kilifanyika bila sanduku.

Wiki iliyofuata Honorine alimkuta Modeste baada ya mazoezi.

"Tata Modeste, Dady alishuka na wimbo yako mu kinywa. Bale benye balibakia juu balinielezea. Na hakutoshwa. Ni Bwana alisema vile, ao ni weye?"

Modeste akamweleza polepole, kama mwalimu, maana ya neno lile katika vitabu.

"Kumbe ni kusema ananienea?"

"Ndiyo, mama."

"Na weye, anakuenea?"

Modeste akalifunga daftari.

"Mi hanienei," Honorine akasema. "Basi uniandikie wimbo ya mutoto mwenye kubakia mule ndani. Lakini usitie neno yenye haujue."

Alijaribu kwa miezi mitano. Aliandika kwamba Bwana yu karibu, akafuta. Aliandika kwamba tutaonana, akafuta. Kwa kila mstari alijiuliza kama anaujua, na hakuujua. Aliacha kuja kwenye kwaya. Mke wake, Micheline, aliniambia anamsikia akiongea peke yake nyuma ya nyumba.

"Anaomba?" nikauliza.

"Kuomba gani! Anagombana. Tena si Kiswahili yake ya bitabu, ni ya soko."

Modeste mwenyewe alinieleza hivi: siku moja katikati ya maneno makali aligundua kwamba anamkasirikia mtu, na kwamba mtu huyo yupo. Hakujibiwa lolote. Hakufarijika. Ila tangu siku ile hakuweza tena kusema kwamba hakuna anayesikia.

Jumapili ya tarehe 4 Septemba, Pasta René aliwaita mbele wale ambao hawajajitoa kwa Bwana. Walisimama wanawake wawili, kisha Modeste. Papy wa besi alimvuta koti kumrudisha kwenye benchi.

"Tata Modeste, umekosea banc! Kule ni kwa bapya!"

Watu wakacheka.

"Sikukosea, Papy. Mi pia ni mupya."

Pasta akamuuliza kama amepata amani.

"Hapana, Pasta. Niko naogopa."



Wiki ile aliiomba kamati ya kwaya iufute wimbo wa ishirini na sita. Tulikubali, nami nikaukata kwa mstari katika daftari. Papy alitikisa kichwa.

"Ku karatasi, sawa. Sasa utaenda kuitosha mu binywa byote bya Kolwezi?"

Modeste alikwenda Mutoshi mara mbili kuwaeleza wachimbaji. Walimsikiliza kwa heshima, wakashika kamba, wakashuka wakiuimba.

Oktoba alileta wimbo wa Dady. Safari hii neno alilitumia kama tunavyolitumia sisi:

*Tulikuita, haukumutosha.*
*Basi shuka weye, ukae naye.*

Ubeti wa pili ulisema hayo hayo kwa maneno mengine. Ubeti wa tatu ulikuwa na noti tu.

"Na maneno ya huku?" Honorine aliuliza.

"Sijapata yenye ninajua, mama."

Honorine alizifuata noti kwa kidole, mdomo umefungwa, akiziimba puani hadi mwisho.

"Uache vile."

Modeste alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa mapafu. Ubeti wa tatu haukupata maneno. Pale kaburini tulikuwa tumepanga kuimba wimbo wa Dady, lakini wachimbaji wengi walikuwa wamekuja kumheshimu, na sanduku lilipoanza kushuka walitutangulia, kwa nguvu, na wimbo wa ishirini na sita. Micheline alinitazama. Sikujua namna ya kuwanyamazisha. Honorine alisimama kando yangu, mdomo umefungwa, na safari hii hakutoa hata sauti ya puani.