Sababu Tatu za Kwenye Fishi

Mwaka ule nilikuwa nimetoka masomo ya jioni hapa Uvira na sertifika nzito kuliko ng'ombe. Hapakuwa na barua pwani yote ya ziwa ambayo sikuwa tayari kuiandika, hata kama hakuna aliyeniomba. Basi ajenti wa serikali ya kikoloni, Muzungu, alipotafuta mtu wa kupita naye vijijini kuuliza kwa nini wanawake hawazai tena kama zamani, nilifika kabla hajamaliza kutafuta.

Fishi zake, kadi za kuandikia majibu, zilikuwa na sababu tatu tu, zimekwisha kupigwa chapa: ugonjwa, uvivu, tasa. Kazi yangu ilikuwa kuchora msalaba mbele ya moja.

Kijijini Lubarika tukamkuta yaya, dada yangu mkubwa, katikati ya pamba ambayo serikali iliwalimisha watu kwa lazima. Ndoa miaka minne, hana mtoto. Nikamuuliza kwa sauti ya ofisi: "Mama, sababu gani hauzae?"

"Weye mudogo wangu, unaniita mama?" Akacheka hadi jembe likamponyoka. "Bwana yangu walimuchukua ku mugodi wa zahabu, kule nyuma ya milima, ndoa haijafika hata mwezi. Nizae na jembe? Andika: bwana haiko."

Nikamtafsiria ajenti. "Hiyo haina nafasi," akasema, akitazama saa. Na mimi, mjinga mwenye sertifika, nikachora msalaba kwenye tasa. Neno hilo nililiona lina heshima kuliko uvivu.

Fishi zikasomwa mbele ya kijiji kizima. Jumapili iliyofuata mama mkwe wa yaya akamtolea mkeka nje, ndiyo kumfukuza: mwanawe ataoa mwingine.

Hasira niliyopata ingechemsha mto Ruzizi wote hadi samaki waive. Wanachukua wanaume, wanawalimisha wanawake mpaka migongo inapinda, halafu wanakuja na karatasi kuuliza watoto wako wapi! Na kalamu ilikuwa yangu.

Nilikwenda kwa ajenti. Wino haufutwi, akasema. Nikarudi Lubarika mbio, nikamwambia mama mkwe: "Mama, minye ndiye niliyeandika uongo. Mtu analala peke yake miaka minne, mnamuita tasa?"

Akanitazama sana. "Basi andikia mwana wangu. Mwambie arudi."

"Na umwambie," yaya akadakia kutoka kwenye mkeka wake, "asitume kitenge. Aje mwenyewe."

Nikaandika. Shemeji alikuja, kwa wiki mbili za ruhusa. Mtoto wa kike akazaliwa. Kwenye fishi ya serikali, mama yake ni tasa hadi leo.