Shasi Iliyopasuka Pembeni ya Chuma cha Fundi

Mdogo wangu alipotoka kwenye mashimo ya dhahabu ya Salamabila, mama alikuwa na neno moja tu: asirudi kule. Ndiyo sababu tulimnunulia pikipiki mpya, kwa duka la hapa Kasongo, abebe watu na mawese. Nilimsindikiza mimi, dada yake, kwa kuwa karatasi za duka ni za Kifaransa nami ninakisoma kidogo, hata kama si vizuri.

Muuzaji hakutudanganya. Hilo niliandike kwanza. Aliniambia mimi polepole: "Mama, garanti iko, ikiharibika tunatengeneza. Lakini mukichomelea hata kipande kimoja cha chuma, garanti imekufa."

"Na barabara ya Kabambare, patron, ulishaipita?" mdogo wangu akamuuliza.

"Mimi ninauza pikipiki. Barabara siuzi."

Tulicheka, naye akacheka.

Huku kwetu pikipiki mpya haibebi mzigo kabla ya kuvalishwa. Ikitoka dukani inaenda moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea: anaiwekea nyuma portbagaji ndefu ya kushika bidoni, yale madumu ya mafuta, vyuma vya kukinga injini, na vingine vya kutia nguvu shasi, mifupa yake. Isiyovalishwa, abiria wanaiangalia kama mtu aliyetoka nje bila suruali. Fundi wetu tulimwamini, tukampelekea yetu. Alizivalisha za mtaa mzima, na nyingi zingali zinatembea.

Ya mdogo wangu ilikatika shasi kabla ya kufika Kabambare, imejaa bidoni za mawese. Yeye hakuumia. Aliirudisha juu ya lori, tukaipeleka dukani.

Muuzaji aliinama, akapitisha kidole. "Chuma kikichomwa kinapoteza nguvu. Nilisema."

Fundi, tuliyemwita, akapiga magoti palepale. "Angalia muzuri, mama. Mimi nilichomea hapa. Imepasuka huku, pembeni. Shasi yao iko nyepesi sawa kopo ya nyanya."

"Kama iko nyepesi, mbona uliibebesha vyuma vyako?" muuzaji akasema.

"Bila vyuma vyangu ingekatika mbele ya mulango wako."

Niliangalia. Mpasuko ulikuwa pembeni ya alama ya kuchomea, si juu yake, lakini si mbali. Watu waliokusanyika walitaka niseme nani mwongo. Sikumwona. Labda mtu aliyesoma zaidi angemwona.

Fundi alisema ataichomelea tena bure, ni kweli. Mdogo wangu ndiye aliyekataa, tena bila hasira.

"Yaya, dada yangu, nibebe mama wa mutu juu ya kitu mimi mwenyewe ninaogopa?"

Shasi nyingine muuzaji hakuwa nayo, na garanti ilikwisha kufa.

Asubuhi ya Jumatatu alipanda nyuma ya pikipiki ya mwenzake, chepe limefungwa mgongoni, wakaenda Salamabila. Mama hakutoka kumuaga. Mawingu yalipokusanyika aliniuliza kama ile pikipiki yetu iliyobaki uani tuifunike. Nikaifunika.