Majivu ya Bernadine

Lowell Hruska alisambaza barua mitaa yetu ya Ohio mpaka magoti yakamgomea. Siku hizi, besiboli ikisimama kupisha baridi, anashinda nasi baa tukibishana nani asajiliwe na nani auzwe.

Januari hii ugomvi ulikuwa wa nafasi moja tu ya timu yetu, ile ya mdakaji anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu.

"Mpeni yule chipukizi, Pruitt," nilisema. "Mpira haumpiti."

"Hata wale wawili waliosimama pale msimu uliopita haukuwapita!" akafoka Merle, mwenye baa. "Ulidunda chini ukawarukia usoni! Mmoja taya, mwingine jicho. Udongo gani huo wa pale?"

Lowell alikuwa akimenya karanga.

"Wewe mzee, wasemaje?" Merle akamgeukia.

"Siku ile kabla ya msimu uliopita, mashabiki tuliporuhusiwa kutembea uwanjani," akasema polepole, "nilikuwa na majivu ya mwili wa marehemu mke wangu, Bernadine, kwenye mfuko wa karanga. Nikayamwaga palepale kwenye nafasi hiyo. Aliniomba mwenyewe."

Hilo halikutushtua, huku kwetu wengi hufanya hivyo kwa siri. Lakini Merle aliacha kufuta glasi. Sote tulikumbuka jinsi mke wa Lowell alivyolia walipomuuza Castellow, mchezaji wake kipenzi wa nafasi hiyohiyo, akaapa kwamba hatasimama mwingine pale.

"Kwa nini hukusema, mjinga wewe?" nikamkaripia.

Lowell akapangusa maganda mezani.

"Mleteni tu huyo Pruitt. Ila mwambieni pale pana mwenyewe. Abishe hodi kwanza."