Mwalimu Aliyembakiza Binti Yangu

Binti yangu alipokuwa darasa la tano, hapa Ikungi, mwalimu wa hesabu alianza kumbakiza shuleni kila Jumanne. Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana, mgeni, hajaoa. Niliingiwa na shaka. Nikawa napekua begi la mtoto nikitafuta pipi au zawadi yoyote.

Jumanne moja niliacha alizeti uani bila kuipepeta, nikaenda shuleni na kuingia darasani bila hodi. Mlango na madirisha vilikuwa wazi. Mpishi wa shule, mama mtu mzima, alikuwa ameketi humo akichambua maharage. Binti yangu alikuwa ameinamia daftari, pua inakaribia kugusa karatasi.

"Shikamoo mama," mwalimu alisema. "Mtoto haoni ubaoni, kwa hiyo namrudishia somo hapa. Nimempa barua mbili akuletee."

Binti akazidi kuinamisha kichwa. Alikuwa amezificha, akiogopa kuvalishwa miwani.

Nikamwambia mwalimu ukweli, kwamba nilikuja kumvizia. Hakukasirika.

"Ndiyo maana namwomba mama huyu akae nasi," alisema. "Na wewe uje siku yoyote, usinipe taarifa."

Shaka yangu haikuisha siku ile. Nilimvizia tena mara tatu, ndipo nikampeleka binti hospitali kupimwa macho.