Namba Tatu za Mama Kufuli

"Usinipumulie kisogoni! Unanichanganya."

"Nani anakupumulia? Niko hatua tatu nyuma, nimeangalia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Namba zikikukimbia usiseme nimezifukuza mimi kwa pumzi."

"Hazijakimbia. Zinakuja."

"Zinakuja kwa miguu? Umekosea mara mbili, dada. Imebaki moja."

Mama Kufuli aliutoa mkono kwenye gurudumu la namba, akaufuta jasho kwenye sketi, akaurudisha, akautoa tena. Mlango wa chumba cha hazina ulisimama mbele yake, chuma kitupu, mnene kuliko ukuta wa nyumba. Paka wa benki aliwahi kufungiwa nyuma ya mlango ule siku ya Ijumaa, akatoka Jumatatu masharubu yote mvi, na mpaka anakufa hakulia tena kwa sauti. Kuufungua kulitaka watu wawili. Gurudumu la juu lilikuwa la Bwana Saa, la chini la Mama Kufuli, kila mmoja na namba zake tatu ambazo mwenzake hapaswi kuzijua. Mmoja akizungusha, mwingine anautazama ukuta. Wameishi hivyo miaka kumi na tisa, kila asubuhi wakipeana migongo kama mke na mume walionuniana.

Bwana Saa alikwisha fungua lake. Sasa ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano. Juu, makeshia walikaa na droo tupu, na nje wazee wa pensheni walipanga foleni tangu alfajiri, wengine na vigoda vyao. Akikosea mara ya tatu, kufuli litaganda mpaka jioni na taa nyekundu itawaka makao makuu. Na mshika namba aliyesahau namba zake, kanuni inasema, ni mzembe. Mzembe hapunguzwi kazi. Mzembe anafukuzwa, na hapewi hata nauli.

Hilo ndilo lililomtisha, maana tangu azaliwe mwanamke yule hakuwahi kusahau hesabu yoyote. Aliingia benki kama kibarua wa kuchambua noti zilizochanika, amevaa raba zilizotoboka kidole gumba, na miaka sita alilipwa kwa siku. Wakampandisha ukeshia. Mashine ya kuhesabia noti ilipoletwa mara ya kwanza, wakashindanishwa. Kwenye bunda la saba mashine ilianza kutoa moshi, na fundi aliyeiuza akaomba maji ya kunywa. Hata usingizini vidole vyake vilihesabu shuka. Mumewe aliapa kwamba asubuhi moja aliamka amefungwa mpira kiunoni, tayari kupelekwa hazina.

Mume mwenyewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na cheche zilimla macho mpaka mchana kwake ukawa magharibi. Nyumba waliyoianza ilifika kwenye linta ikagoma. Miaka minne kuta zimesimama bila paa, majani yameota juu yake, mbuzi wa jirani wamejifunza kupanda ngazi. Kitinda mimba yuko chuo cha uuguzi. Vyote hivyo vilining'inia kwenye mshahara mmoja, na sasa mshahara wenyewe ulikuwa ukikatwa kamba.

Barua ya kwanza ilikuja kwa heshima. Benki inapunguza watu, ikasema, ila wakongwe wataondoka na kiinua mgongo cha siku sitini za mshahara kwa kila mwaka waliotumika. Mumewe aliomba asomewe mara tatu, akachukua kipande cha chaki akaanza kuhesabu paa sakafuni. Barua ya pili ikafuta ya kwanza: siku arobaini na tano, na nakala ya zamani irudishwe. Ya tatu iligawiwa Ijumaa jioni wakati watu wanavaa makoti. Siku thelathini. Tena miaka ya ukibarua haihesabiwi, kwa hiyo miaka yake ishirini na saba ikalala ishirini na saba ikaamka ishirini na moja.

"Kiinua mgongo gani hiki?" mumewe aliuliza. "Hiki hakiinui hata kope."

Chini kabisa ya barua ile palikuwa na mstari mmoja: kati ya washika namba wawili wa tawi, mmoja atabaki kazini. Meneja atamtaja Jumatatu asubuhi. Asiyetaka kusubiri ajaze fomu ya kuondoka kwa hiari, iliyoambatanishwa.

Na Ijumaa hiyohiyo, mchana, kabla ya barua, walikuwa wamebadilisha namba za mlango kama wanavyofanya kila miezi mitatu. Mama Kufuli hakuwahi kuandika namba zake popote. Alizichuma kwenye maisha yake, na maisha yake hayakuwahi kumpotea. Lakini Jumamosi na Jumapili nyumba nzima ilishinda ikihesabu. Siku mara miaka, toa hiki, rudisha kile, mpaka namba zikaanza kufukuzana kichwani mwake kama kuku bandani kicheche akiingia. Asubuhi hii aliinamia gurudumu akakuta kichwani hamna kitu, manyoya tu.

"Nilizitoa kwenye barua," alisema, akiuambia mlango kuliko kumwambia mtu. "Hilo nakumbuka. Kwenye barua ya kwanza. Au ya pili? Ya pili nimeijaribu..."

"Tulia, dada."

"Miaka yangu, siku zao, halafu tarehe ya mwisho ya kusaini. Au sivyo?"

"Ya mwisho siyo thelathini na moja," alisema Bwana Saa. "Usiirudie hiyo."



Mama Kufuli aligeuka polepole. "Umejuaje kwamba niliweka thelathini na moja?"

Bwana Saa aliendelea kuutazama ukuta, lakini masikio yalimbadilika rangi.

"Kaka, nakuuliza wewe. Umejuaje?"

"Unanong'ona."

"Nini?"

"Ukizungusha unanong'ona. Miaka kumi na tisa unanong'ona! Uliweka tarehe ya kuzaliwa kifungua mimba wako, nikajua. Ukaweka uzito wa kitinda mimba alivyozaliwa, nikajua, nikasema moyoni, mtoto huyu ni mzito. Mwaka mmoja uliweka namba ya viatu vya mumeo mara mbili, kulia na kushoto."

"Kwa hiyo miaka yote hiyo mlango mzima ulikuwa mkononi mwako!"

"Ningeupeleka wapi? Nina mgongo mbovu, siwezi kubeba hata gunia la mkaa."

Mahali pengine, siku nyingine, wangecheka mpaka wakashikana mabega. Mama Kufuli alitabasamu nusu, na kabla nusu ya pili haijafika akaelewa maana ya alichosikia. Alipiga hatua mbili akamshika mkono wa shati.

"Basi zile za Ijumaa unazijua. Niambie."

Bwana Saa alitazama saa yake. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuwahi kuchelewa. Ilisemekana hata kituo cha redio kilisubiri akohoe ndipo wakapiga kengele ya habari. Sasa aliitazama ile saa kama mtu anayetaka imjibie yeye.

"Meneja anafika saa mbili na robo," alisema.

"Ndiyo maana nakuambia sema!"

"Nikisema, mlango unafunguka, yeye anachagua. Na atakuchagua wewe. Kila mtu anajua."

"Hanipendi yule, ananiogopa tu."

"Woga unatosha. Dada, nyumbani kwangu pia wanakula. Wangu watatu, wa marehemu kaka yangu watano. Nikinyamaza hapa robo saa tu, silali bila kazi." Aliyasema taratibu, kama mtu anayesoma cheti cha hospitali. "Sijakufanyia chochote. Ni wewe umesahau."

"Na mimi nifukuzwe bila hata shilingi? Uje unione naokota majani juu ya kuta zangu?"

"Sitaki hivyo."

"Unataka nini basi? Kaka gani wewe!"

Bwana Saa alimwonyesha mfuko kwa kidole. "Ile fomu ya hiari. Iko kwenye mfuko wa sweta lako, naiona ncha yake tangu tulipoingia. Isaini. Unipe mimi, nimkabidhi. Kazi inabaki kwangu, wewe kiinua mgongo chako unakipata. Kidogo, lakini unakipata. Halafu nakutajia namba."

Mama Kufuli alimtazama mtu aliyemchangia kanga siku ya msiba wa mamake, mtu aliyejua anakunywa chai na sukari vijiko vinne.

"Hiari yashinda utumwa," alisema Bwana Saa, bila kumtazama.

"Aliyesema hivyo hakuwahi kufanya kazi benki."

Juu yao viti vilikokotwa. Keshia mmoja aliita kwenye ngazi, "Mama, tunasubiri pesa huku, wazee wameanza kugonga kioo!" naye akajibu, "Tunakuja, mwanangu!" kwa sauti ileile ya kila siku, mpaka mwenyewe akajishangaa. Saa mbili na dakika nne.

Alivuta karatasi mfukoni, akaikunjua, akaibandika kwenye chuma cha mlango. Alijaribu sana kutetemeka, angalau saini iharibike, ije siku moja kusemwa kwamba haikuwa yake. Lakini mkono uliosaini hati elfu kwa elfu haukumsikiliza. Saini ilitoka nyoofu, safi, na mkia wake chini. Aliuchukia mkono ule.

Bwana Saa aliipokea. Akaisoma. Akasogea karibu.

"Ishirini na saba. Sitini. Themanini na nne."

"Themanini na nne ndiyo nini?"

"Sijui mimi. Ulinong'ona, 'bati'."

Ndipo ikamrudia yote. Ijumaa mchana barua ya kwanza ilikwisha kufutwa zamani, na bado yeye alichagua siku sitini, kwa sababu hakuna aliyemwambia moyo wake urudishe nakala. Bati themanini na nne ndizo mumewe alizihesabu kwa chaki, akazipapasa moja moja kwa kiganja pale sakafuni. Jumapili walishuka mpaka kumi na nane. Kisha wakafuta chaki.

Alizungusha. Ishirini na saba, ikashika. Sitini, ikashika. Vidole vilipofika themanini na nne chuma kiliguna ndani, mpini ukaanguka, na mlango ukaachia ufa. Harufu ya noti za zamani ikatoka, ile harufu ya jasho la watu wasiojuana. Mama Kufuli aliuvuta mlango mpaka ukakaa wazi.

Kisha akanyoosha mkono. "Nirudishie."

"Nini?"

"Karatasi yangu. Nirudishie."

"Tulikubaliana, dada."

"Tulikubaliana? Mtu akikukaba shingo ukasema ndiyo, huko ni kukubaliana? Tena, mtu anayejua namba za juu na za chini, kanuni inamwitaje?"

"Usianze."

"Inamwita mwizi anayesubiri lori! Ukimpa hiyo, nami nasema unazijua zangu."

"Sema. Nami nasema ulizisahau. Kufuli limeandika makosa mawili, na saa na dakika."

"Basi tufukuzwe wote!"

"Tufukuzwe!"

Alipoirukia, Bwana Saa aliinua mkono, lakini mwanamke aliyeshinda mashine hashindwi na mkono wa mzee. Alikamata pembe moja, mwenzake akakaza nyingine, karatasi ikanyooka katikati yao. Pumzi zilikuwa zikiwapanda wote wawili.

"Kaka," alisema, na sauti ikashuka. "Nakuomba. Tuichane. Sisemi unipe kazi. Nasema tumwache achague mwenyewe. Akikuchagua wewe, nakuapia kwa mamangu, sitafungua mdomo."

Kope za Bwana Saa zilikuwa zimelowa. Vidole vyake vililegea kidogo, vikakaza, vikalegea.

"Na akikuchagua wewe, dada," alisema, "wale watoto nitawaambia..."

Viatu viligonga ngazini. Meneja alikuwa na viatu vya ncha ndefu, vilivyotangulia kufika kila mahali, na hata sasa ncha ndizo zilizokata kona kwanza, ndipo akaja yeye na faili kwapani, dakika tisa kabla ya muda wake.

"Habari za asubuhi, wazee wangu?"

"Nzuri," walijibu kwa pamoja.

Aliutazama mlango ulio wazi. Akaitazama ile karatasi na mikono miwili iliyoishika, akausoma kwa mbali mstari wa juu, akanyoosha na wake, mkono wa tatu.

"Naona mmenirahisishia kazi," alisema. "Ni ya nani kati yenu?"

Hakuna aliyeachia.