Mti Mmoja Pembeni mwa Shamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Mama alivipaka chaki jana yake, akavianika dirishani, kwa sababu sote nyumbani tulidhani mtu akiajiriwa na mradi anapewa meza na kiti. Nikashushwa Muheza, chini ya milima inayopanda kwenda Amani, nikapelekwa moja kwa moja kwenye tope la kitalu, nikakabidhiwa msumeno mdogo. Mratibu wa mradi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, alinitazama miguuni.

"Wewe umekuja kuolewa au kukata vipando?"

"Kukata vipando, Mama."

"Basi vivue hivyo, utavililia."

Nikavivua. Nilifanya kazi peku hadi jioni, na nilikuwa na furaha ambayo hata sasa sijui niieleze vipi.

Najua wanaoandika kumbukumbu za kazi huwa na mvi. Mimi sijafika thelathini, lakini nimeshastaafu. Mradi ulifungwa na mimi nikafungwa pamoja nao. Wenzangu wa kitaluni wengine wako Dar wanauza nguo, wengine wameolewa mbali, kwa hiyo katika kazi ile aliyebaki kuisimulia ndiye mzee. Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaomaliza kidato cha nne kama nilivyomaliza mimi, na cheti kisichosema mengi, mjue kazi ya mbegu ya muhogo ilikuwaje.

Muhogo haupandwi kwa punje. Mbegu yake ni mti wenyewe. Unachukua shina lililokomaa, unalikata vipande vya urefu wa kama shibiri moja, kila kipande kiwe na vifundo kadhaa maana hapo ndipo panapochipua. Kipande hicho ndicho pingili. Tulikata kwa msumeno kwa sababu panga hupasua ncha, na ncha iliyopasuka huoza ardhini. Ukikata ukaona utomvu mweupe, pingili iko hai. Ukiona pakavu, hata uimwagilie machozi haioti.

Mwaka nilioanza kazi, vuli haikunyesha kabisa, na masika ilikuja kama mgeni asiyetaka hata kukaa. Mahindi yakakaukia shambani. Watu wakaangukia kwenye muhogo, wakaula mpaka ule mdogo wa ukubwa wa kidole, wakaukausha kuwa makopa, wakasonga bada, ugali wake, mpaka unga ukaisha, na mbuzi wakatafuna mashina yaliyobaki. Mvua iliporudi, ardhi ilikuwa laini na jembe lipo, lakini cha kupanda hakuna. Mratibu alikuwa akituambia: "Mpe mtu unga, atakula wiki hii. Usipompa mbegu, mwakani utamkuta na bakuli lile lile." Nililipenda neno hilo. Nilikuwa na ndoto yangu ya siri: siku moja nipite njia ya Muheza hadi Pangani nione muhogo pande zote mbili, nijisemee moyoni, mbegu hii niliikata mimi.

Tena ile miti michache iliyonusurika ukame ilikuwa na maradhi. Yanaitwa michirizi ya kahawia. Ubaya wake ni kwamba huyajui kwa kuuangalia mti. Majani yanaweza kuwa mabichi kabisa, mti umenawiri, unausifu. Siku ya kufukua unakata muhogo, ndani kahawia tupu, mgumu na mchungu. Vijinzi vyeupe vinavyokaa chini ya jani ndivyo vinavyoyabeba kutoka mti hadi mti, na mtu huyabeba mbali zaidi kwa kuhamisha pingili. Dawa hakuna. Unang'oa, unachoma. Basi kazi yetu ilikuwa kuzalisha pingili safi na kuzifikisha kwa watu kabla mvua haijapita.

Kituo changu cha pili kilikuwa Ushongo, pwani ya Pangani, ambako wake wa wavuvi walilima kichanga chao nyuma ya minazi. Lori lililobeba vipando liliharibika njiani, likalala juani chini ya turubai. Tulipofika, akina mama walikuwa wamekwisha chimba mashimo, wamekaa kwenye mstari kama wanaosubiri harusi. Nikakwaruza gome kwa ukucha kutafuta ukijani. Nikachukua shina jingine. Nikachukua jingine.

Mama mmoja akanitua mzigo mkononi, taratibu. "Mwanangu, usijisumbue. Kuni pia tunazihitaji."

Wakacheka, wakagawana kuni, na mashimo wakayafukia.

Baada ya hapo Mratibu aliamua mbegu isisafiri tena. Izaliwe kijijini kwenyewe, kwenye shamba moja safi lililo mbali na mihogo mingine, na kijiji kizima kikate hapo. Shamba la namna hiyo tuliliita shamba mama. Ndivyo nilivyopelekwa kituo changu cha tatu na cha mwisho, kijiji kimoja cha Wabondei, kwa Bi Mwanahamisi.

Alikuwa mjane, mdogo wa umbo, na shamba lake lilizungukwa na michungwa na minazi, muhogo mwingine hauko karibu. Kijiji kilimchagua chenyewe. Watu walisema Bibi huyu akikuahidi kikombe cha maji, utakunywa. Jirani yake, Mzee Mhina, alikuwa mtani wangu tangu aliposikia mimi ni Mdigo wa Nguvumali.

"Bi Mwanahamisi, umeletewa Mdigo akulindie muhogo? Si bora ungefuga panya?"

"Shikamoo, Mzee Mhina," nikamwamkia.

"Marahaba. Na usiniibie jembe."

Tulipanda pingili zile kwa kamba, mistari imenyooka. Zilichipua karibu zote. Kila wiki nilikwenda kupalilia naye, na kila wiki aliniambia nani amekuja kulitazama shamba. Walikuja wa kijijini, wakaja wa vitongoji vya ng'ambo ya mto, wakaja wakwe zake. Wote walikuwa wamekula mbegu yao, na wote walihesabu masika inayokuja: tutakata kwa Bi Mwanahamisi. Wajukuu wake walikuwa wakila mchunga, mboga chungu ya porini, mchana na usiku, lakini hakuthubutu kufukua hata mzizi mmoja. "Hili si langu," alikuwa akisema, "hili ni la watu."

Sasa kuna desturi pale ambayo katika mafunzo yetu yote haikutajwa. Huendi kwa mwenzio kuomba mbegu ya muhogo mikono mitupu. Unabeba fungu la miti yako, hata kama ni mibaya, hata kama ndiyo ya mwisho. Mwenyeji hulipokea, na walau mti mmoja huupanda pembeni mwa shamba lake, ili mgeni akipita tena auone umesimama. Kutoupanda ni kumwambia mgeni kwamba mkono wake hautakiwi. Hakuna aliyetueleza, kwa sababu kwao halikuwa jambo la kueleza. Nani humweleza mgeni kwamba salamu huitikiwa?

Masika ilikuwa imekaribia, mawingu yanakusanyika juu ya Amani, Mratibu alipomleta Mkaguzi wa mbegu. Bila Mkaguzi kusema shamba ni safi, hatukuruhusiwa kukata hata pingili moja. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, anayegeuza jani kama anayefunua nepi ya mtoto. Watu walikuwa wamekwisha jaa kwenye kivuli cha michungwa, kila mmoja na kamba yake ya kufungia mzigo.

Alipita mstari kwa mstari. Akafika pembeni, nyuma ya migomba, ambako palizi yangu haikuwahi kufika, akasimama.

"Hii nani kaipanda? Haiko kwenye mstari."

"Huo wa Mzee Mhina," Bi Mwanahamisi akajibu, kama anayetambulisha wageni. "Ule wa shemeji yangu. Ule pale wa mama wa ng'ambo, alikuja na mtoto mgongoni."

"Walikuletea miti kutoka kwao?"

"Wangekuja mikono mitupu, mwanangu? Wao ni wezi?"

Mkaguzi akaomba jembe. Akafukua ule wa Mzee Mhina, akakata muhogo. Kahawia. Akaingia mstari wa kwanza, wa pingili zetu, akafukua mmoja. Kahawia kidogo, kama chai iliyomwagika. Akaenda katikati ya shamba. Pale katikati alichuchumaa muda mrefu, na mimi nikajua kabla hajainuka.

"Bibi," akasema, "shamba hili siwezi kulipitisha."

"Litapita lini?"

"Halitapita. Ling'olewe lote, lichomwe."

Bi Mwanahamisi aliangalia kule kwenye michungwa, kwa wale wenye kamba. "Na wale niwaambie nini?"

Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikuona haya. Mzee Mhina akaja polepole, nikangoja utani wake, nikautamani kweli. Akachukua jembe kwa Mkaguzi.

"Wangu ndio ulioanza," akasema. "Nianze mimi."

Wale waliokuja kukata ndio waliong'oa. Kamba walizoleta za kubebea mbegu walifungia mashina ya kuchoma. Wanawake walichambua mihogo, wakakata panapolika, wakawachemshia watoto hapo hapo, na hayo ndiyo mavuno pekee yaliyotoka shamba mama. Mashina mabichi hayawaki vizuri, yanatoa moshi tu. Tulikuwa bado tunachoma mvua ikaanza, mvua nzuri, ya kupandia.

Njiani kurudi Muheza nilimwambia Mratibu, "Tutaanza upya, Mama. Safari hii tutawaambia mapema. Tutafanya kabustani kando, mbali, ka kupandia miti ya wageni. Bibi hatamkosea mtu." Nilikuwa tayari nimeshaiona bustani yenyewe, mpaka na kibao chake.

Akaniacha nimalize. "Wazo zuri, Rehema. Lakini msimu ujao hakuna mradi."

Ndiyo ilikuwa siku yangu ya kustaafu. Hakukuwa na keki wala hotuba. Nilirudisha msumeno stoo, nikavaa viatu vyangu.

Sasa niko nyumbani Nguvumali, nakaanga mihogo jioni kando ya barabara. Wateja wananisifu napika vizuri, hawajui kwa nini kila muhogo nikiukata nautazama ndani kwanza kama mganga. Mnaniuliza kazi ile ilinifundisha nini, na ningependa niwape jambo la kuwachangamsha, maana ndivyo nilivyo, napenda watu wachangamke. Sinalo. Hakuna aliyekuwa mbaya. Mkaguzi alisema kweli, Mratibu alijituma, Bibi alikuwa mwema kwa kila aliyebisha hodi. Na watu wa kijiji kile mpaka leo wanapanda kilichopo, na kilichopo ni kibovu.

Juzijuzi nikasikia hodi. Bi Mwanahamisi, amekonda, amebeba kitu kimefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, Bibi! Karibu, karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu. Sikai sana." Akafungua kanga. Mlikuwa na miti ya muhogo, imekatwa vizuri, kwa msumeno kabisa. Akanipa kwa mikono miwili. "Nimekuja kukuuliza. Ile mbegu yetu, ile safi. Wewe mtu wa mradi. Huna walau pingili moja uliyoiweka?"

Nikamwambia sina. Nikamwambia kitalu kimeota majani na geti limefungwa. Alitikisa kichwa, kama mtu aliyekuwa akijua lakini ilibidi aulize. Kisha akabaki amesimama pale uani, haondoki, macho yake kwenye lile fungu nililolishika.

Nikaingia ndani nikachukua jembe. Nikachagua mti mmoja, nikakata pingili, utomvu ukatoka. Nikachimba karibu na ukuta wa choo, pembeni, nikaupanda naye akitazama. Uso wake ukalegea. Akanywa chai, akaondoka na kanga yake tupu begani.

Umechipua. Majani yake mabichi, mapana, jirani yangu kila akipita anausifu. Mimi humwagilia maji ya kuoshea vyombo. Kuufukua nitazame, sijaweza.